Mishale Miwili ya Pikapu ya Vifaranga

Msafirishaji wetu wa vifaranga alizaliwa na wasiwasi kama wengine wanavyozaliwa na mwanya. Akifunga mlango huusukuma kuhakikisha umefungwa, kisha hurudi kuusukuma tena, maana huenda ule msukumo wa kwanza ndio ulioulegeza. Mtu wa namna hiyo hakupaswa kuuziwa pikapu kuukuu, hasa na shemeji yake.

"Injini ni chuma kitupu, shemeji," aliambiwa siku ya kukabidhiwa funguo. "Hiyo mishale ya kwenye dashibodi usiisikilize. Ina mambo yake."

Ushauri huo ulimfaa kama kumwambia mwenye kikohozi asikohoe. Mishale ilikuwa miwili, wa mafuta na wa joto la injini, na haikutulia. Kila ule wa joto ulipokaribia mstari mwekundu alisimama pembeni, akazima gari, akafungua boneti na kuitazama injini kwa heshima, kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa asiyemfahamu vizuri. Fundi alimbadilishia themostati, kile kifaa cha kudhibiti joto la injini. Mshale ukaendelea kupanda. Wateja wakambatiza Tumepumzika, kwa kuwa ndilo jibu alilotoa kila alipopigiwa simu.

Shida ilikuwa mzigo. Vifaranga wa siku moja husafirishwa kwenye makasha ya karatasi ngumu yenye matundu, na huponea upepo wa mwendo. Gari likisimama juani, upepo nao umesimama. Hivyo kila mshale ulipopanda ilimbidi achague kati ya kuua injini na kuua vifaranga. Safari iliyopita aliiokoa injini, na kasha la juu lilipofunguliwa lilikuwa kimya. Mfugaji, mama aliyekuwa akinunua zaidi ya wateja wengine wote kwa pamoja, hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba ikitokea tena atatafuta mtu mwingine.

Kwa hiyo safari hii mkewe, fundi cherehani, alipanda naye.

"Unakuja kufanya nini?"

"Kukushika mkono usizime gari."

Kwenye njia panda aliwasha indiketa akate kushoto. Mshale wa joto ukaruka.

"Umeona? Umeona mwenyewe?"

"Nimeona. Na wa mafuta nao umepanda."

"Achana na mafuta, mama watoto, sisi tunaungua!"

"Tumetoka nyumbani na nusu tangi. Sasa linakaribia kujaa. Nani katujazia?"

Aliutazama mshale wa mafuta, kisha barabara.

"Hebu zima indiketa."

Alizima. Mishale yote miwili ikashuka.

"Washa taa."

Yote miwili ikapanda.

"Basi kama taa zinazaa petroli," alisema mkewe, "tuachane na kuku, tufungue kituo."

Tumepumzika alimpigia simu fundi wa gari. Fundi, kwa sauti ya mtu mwenye tonge mdomoni, alisema huo ni waya wa ethi wa dashibodi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, umeshika kutu. Mishale ikipanda yote pamoja, ni umeme unadanganya. Ukipanda wa joto peke yake, hapo asifanye mchezo. Kwa nini hakuyasema hayo siku alipouza themostati, hakueleza, na Tumepumzika hakuwa na ujasiri wa kuuliza.

Waliendelea. Katikati ya mlima, taa zimezimwa, indiketa imezimwa, mshale wa joto ukaanza kupanda taratibu.

"Umeme tu huo," alisema Tumepumzika, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa mtulivu kabisa.

"Mafuta je?"

Alichungulia. Nusu tangi. Hayakusogea hata unywele. Utulivu ukamtoka kama ulivyokuja.

"Simama," alisema mkewe.

"Hapa? Na hili jua? Yule mama ataniacha!"

"Tafuta kivuli, lakini simama!"

Walisimama kando ya ukuta wa ghala. Mara hii hakukimbilia boneti. Walishusha makasha yote, wakayatandaza kivulini yakiachana ili upepo upite katikati, kisha mkewe akachukua kipande cha karatasi ngumu na kuanza kupepea. Ndipo Tumepumzika akafungua boneti. Mvuke ulikuwa ukitoka kwenye mpira wa maji, uliopasuka pale unapofungwa kwenye rejeta. Injini ilipopoa, mkewe alitoa mkobani mkasi wake wa nguo, ambao nyumbani haujaruhusiwa kukata hata karatasi, akamkabidhi bila kumtazama usoni. Tumepumzika alikata ncha iliyopasuka, akaufunga mpira upya, akajaza maji ya kunywa waliyobeba.

Walifika wamechelewa. Mfugaji alifungua kasha moja baada ya jingine, bila haraka, na Tumepumzika, amesimama nyuma yake, alichungulia kila moja. Kila kasha lilipiga kelele.

"Wiki ijayo uwahi," alisema mfugaji, akafunga la mwisho.

Jioni, wakirudi, aliwasha taa. Mshale wa joto ukaruka.

"Mafuta yamepanda?" aliuliza, macho barabarani.

"Yamepanda."

Walikwenda kidogo.

"Hebu angalia tena."

"Yamepanda, baba watoto."

Alishusha pumzi. Kabla ya kona iliyofuata alikuwa ameuliza mara ya tatu.