Koti Lililopimwa kwa Sijda

Mwanangu, iko siku moja ya Mutrah, kule Omani, ambayo haijanitoka kichwani, na kila nikiikumbuka nacheka kwanza, halafu kifua kinanijaa fahari. Ni siku marehemu mama yangu, Bi Zuwena, aliponisujudisha dukani mbele za watu kwa ajili ya koti.

Nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda kusoma Ulaya, kwenye baridi ya theluji. Baba alikuwa keshatangulia mbele ya haki, kwa hivyo uamuzi ulikuwa wa mama peke yake. Nami tangu utotoni kwetu Unguja, kabla hatujahamia Mutrah, nna pumu. Hata manyunyu ya masika yalikuwa yakinikaba roho. Basi mama hakusema niende, wala hakusema nisiende. Alisema, "Nioneshe koti utakalokwenda nalo. Nikiliridhia koti, radhi yangu unayo. Nisipoliridhia, utakaa hapa hapa na mimi." Na wewe unajua, mwanangu, kwetu sisi mtu hapandi ndege bila ya radhi ya mama. Waliotutangulia walisema radhi ni bora kuliko mali, nami naongeza kuwa ni bora hata kuliko shahada.

Sasa sisi watu wa joto tuna ujinga wetu mmoja katika kununua koti. Tunalipima juu ya kanzu. Tunajitazama kiooni, tunaona limetukaa, tunatoka nalo dukani tukitabasamu. Tukifika huko tunavaa sweta ndani, koti halifungi tena, na upepo unaingia kifuani utakavyo. Nimewaona wengi, na wengine walikuwa wajuzi wa mambo mengine yote.

Mimi nilikuwa nimeshalichagua langu. Jeusi, limebana kiunoni, vifungo vya rangi ya dhahabu, na ukosi wa manyoya ya bandia. Nilijitazama nikajipenda, ujana, bwana! Nikampeleka mama dukani nikiwa na hakika kuwa mambo yamekwisha.

Mama alikuwa akishona kofia, zile za mkono zenye vitobo, na kofia zake zilikuwa zikiulizwa mpaka na watu wa mbali. Hakulitazama koti kwa nje hata kidogo. Aliligeuza ndani nje. "Kofia huangaliwa ndani," alizoea kutwambia, "maana nje kila mtu hupendeza." Akaivuta bitana, akaukwaruza mshono kwa ukucha, akaguna. Kisha akatoa kwenye mfuko wake sweta nene aliyonifumia mama mdogo.

"Vaa."

"Mama, na joto hili?"

"Kwani utakwenda na joto la Mutrah? Vaa, halafu koti juu yake."

Nikavaa, jasho linanichuruzika, vifungo nikavifunga kwa kuzuia pumzi. Nikasema limenikaa. Mama akamwambia mwenye duka asogeze mabunda yake ya vitambaa, ipatikane nafasi chini.

"Haya, rukuu."

"Mama!"

"Si sala, ni kipimo. Huko kwenye baridi hutalivua koti kila wakati wa sala ukiingia. Utasali nalo. Rukuu nikuone."

Wapita njia wakaanza kusimama mlangoni. Nikarukuu, kifungo kimoja cha dhahabu kikaruka kikagonga kioo. Mwenye duka akacheka mpaka akaishika meza. Nikasujudu, na hapo mshono wa mgongo ukalia kraa, nikabaki chini na haya zangu.

Mama hakucheka. "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," akasema. "Koti usiloweza kusujudu nalo, mwanangu, litakukinga na nini?"

Halafu akachomoa sindano yake, akakaa kwenye kigoda, akaushona ule mshono pale pale ili asimwachie mtu hasara. Mwenye duka alipouona ulivyotoka, aliacha kucheka. Akapanda ngazi mwenyewe, akashusha koti jengine ambalo mimi nilikuwa nimelipita bila ya kuligusa. Rangi ya buluu ya kiza, sufu nzito iliyofumwa kwa kubanana, linafika magotini, mabega yana nafasi, bitana imeshonwa pindo lote. Mbwembwe halikuwa nazo. Nikarukuu nalo, nikasujudu, nikakaa tahiyatu, likanifuata bila ya kunivuta popote. Nikainua mikono kama mwenye kuomba dua, mikono ya koti haikunipanda.

Mama akainuka, akanifunga kifungo cha juu kwa mkono wake. "Nenda," akasema. "Nimekuridhia." Machozi yalikuwa yakimlenga, na mimi vile vile.

Koti lile nimelivaa miaka yote ya masomo. Pumu ilinisumbua, haikunishinda. Mara ya kwanza kusali kwenye theluji ilikuwa kwenye pembe ya kituo cha treni, na niliposujudu, harufu ya udi aliolifukizia mama kabla ya safari ikanijia puani. Nililia, sikuficha. Nilipokuja kurudi na shahada nikamwekea mapajani, alichouliza kwanza ni hali ya koti.

Juzi, mwanangu, nimempeleka dukani mjukuu wangu Nasri, naye anakwenda kwenye baridi hizo hizo. Koti langu halimwingii, kanizidi kimo na mabega. Kisa hiki kakisikia tangu mdogo, lakini kusikia ni jambo moja na kufuata ni jengine, kwa hivyo nilikaa pembeni nimtazame. Akayapita makoti ya kung'aa. Akatoa sweta kwenye begi lake. Akaligeuza koti moja la sufu ndani nje, akapapasa mishono, akalivaa, kisha akarukuu na kusujudu katikati ya masanamu yaliyovaa suti, watu wanamtazama, yeye hana habari nao. Akainuka, akanambia, "Babu, hili limepita."

Kifungo cha juu nilimfunga mimi. Nilimwona Bi Zuwena katika mabega yale, na fahari niliyoiona siku ile sikuiona hata siku ya shahada yangu.

Basi nakwambia na wewe: usilipime koti kwa hali ya hewa ya dukani, lipime kwa hali ya uendako. Ligeuze ulione ndani. Liachie nafasi ya sweta, na nafasi ya kumsujudia Mola wako. Koti la namna hiyo halipitwi na wakati, na wala aliyelivaa haonei haya kwao alikotoka.

Mungu akupe afya na safari njema, akupe koti zito, na asikunyime mtu wa kukufunga kifungo cha juu. Amin.