Wifi Aliyekataa Kufiwa

Kiwandani kwetu tunashona sare za shule, na ruhusa hutolewa kwa sababu moja tu: msiba. Ukiumwa tumbo utaambiwa unywe maji ya moto. Mtoto wako akichemka homa, msimamizi atakuuliza kama hana baba. Lakini ukisema umefiwa, kila mtu anasimama. Meneja anatoka ofisini kuja kukushika mkono, na kazi yako inagawanywa kwa wenzako bila mtu kununa. Kwa hiyo sisi tuna mashangazi wengi, na wanakufa sana. Mimi mwenyewe nina mama mdogo niliyekwisha kumzika mara mbili, na juzi tu alikuja kututembelea, akala, akashiba, akalalamika chumvi imezidi.

Usidhani mtu hukurupuka tu. Kufiwa kuna utaratibu wake. Marehemu awe wa mbali, safari ya kutwa nzima, ili wenzako wasije nyumbani kukupa pole wakakukuta unafua mapazia. Awe shangazi, mjomba au bibi. Mzazi hatajwi, maana huko ni kujitafutia balaa. Na ukirudi kazini usirudi umenawiri. Msimamizi anajua, meneja anajua, na wao pia wana wajomba zao. Mlango huo ulikuwa wazi mbele ya wifi yangu siku zote, na yeye hakuupita.

Wifi yangu ni mke wa kaka yangu. Mimi ndiye niliyemwingiza kiwandani mwaka ule alioolewa, na haikuchukua muda akanipita kwa kujulikana. Mimi napiga pasi, yeye alishona kola. Kola ni kazi ya watu wenye subira. Unaishona ikiwa ndani nje, unapunguza kitambaa pembeni, unaigeuza, halafu unazisukuma zile ncha mbili kwa kijiti mpaka zitoke kali na zilingane. Ncha ikiwa butu, shati lote linaonekana la kuazima. Wifi alizisukuma ncha zake huku anaongea. Aliongea tangu kengele ya kuingia mpaka ya kutoka: habari za majirani, habari za mume wake anavyokoroma, na mimi dada mtu nimesimama pale pale nasikia. Akiishiwa na maneno aliimba. Tukamwita Redio.

Halafu Redio ikaanza kufifia. Kwanza ziliondoka nyimbo, kisha habari za majirani, mwisho hata salamu. Wenzetu wakamtania, wakimuuliza kama betri zimeisha au mume amebana matumizi. Alitabasamu kwa adabu na kuinamia cherehani yake. Kilichotuchanganya ni kwamba hakukuwa na sababu. Hakuna aliyekufa. Kaka yangu hana mwanamke wa nje. Kandambili zake mwenyewe zinamshinda kuzitafuta, sembuse mwanamke. Ingekuwepo sababu tungejua pa kuanzia, lakini tulikuwa tunamtazama mtu anazama kwenye nchi kavu.

Tunakaa nyumba moja. Mimi na mama tuna vyumba vya mbele, wao wana kile cha nyuma, na jiko ni la wote. Nilimwona akisimama jikoni ameshika kifuniko cha sufuria, chakula kinaungua, na yeye anakitazama tu. Kitandani alilala macho wazi. Siku moja, tukiwa tunatembea kwenda kazini, aliniambia, "Wifi, naamka nimechoka kama mtu aliyebeba matofali. Nakaa, naishika kola, nasahau ndani ni wapi na nje ni wapi." Nilimwambia ajikaze. Alinijibu kwamba kujikaza ndiko kulikomfikisha pale.

Wale wawili waliokaa kushoto na kulia kwake, fundi wa mifuko na mama wa vifungo, walianza kuchukua kola kutoka kwenye lundo lake kila msimamizi alipogeuka. Hawakuambiana, na hawakumwambia yeye. Kazi ilikwenda hivyo mpaka siku aliyojichoma sindano kidoleni na kubaki anaiangalia damu inavyoingia kwenye kitambaa cheupe, bila kuondoa mkono. Kaka yangu alipopata habari ile hakumuuliza mtu. Kesho yake alimpeleka hospitali.

Daktari alimsikiliza muda mrefu kuliko alivyowahi kusikilizwa na sisi. Akasema huu ni ugonjwa kama magonjwa mengine, una dawa, na unataka mapumziko ya mwezi mzima pamoja na kwenda kuzungumza naye kila wiki. Akampa cheti cha kupeleka kazini. Jioni ile mama aliuliza swali moja tu, kama kweli ni ugonjwa. Kaka akasema ndiyo. Mama akasema basi auguzwe, akaenda kuchemsha maji ya kumwogesha.

Mimi nilimshauri kwa nia njema kabisa. Nikamwambia kile cheti akiache nyumbani, amtafute shangazi mmoja wa mbali, aombe siku chache, zikiisha tutamtafuta mwingine. Akatikisa kichwa. Alisema amechoka, hana nguvu ya kukumbuka uongo, na daktari ameandika kwa mkono wake, wataelewa. Aliamini hivyo, jamani. Hilo linaniuma mpaka leo.

Ofisi ya meneja ina ukuta wa kioo, nayo iko karibu na meza yangu ya pasi. Mlango hubaki wazi kwa sababu feni yao haifanyi kazi. Nilimwona wifi akikiweka cheti mezani kwa mikono miwili. Meneja alisoma, akarudia kusoma. Palikuwa na mkasi juu ya meza, mkasi wa kawaida wa kukatia nyuzi. Aliunyanyua polepole akauweka upande wake, mbali na mkono wa wifi, kisha ndipo akaanza kuzungumza. Alisema kiwanda kina sindano na mikasi, kina watu wengine wa kulindwa, na yeye hawezi kubeba dhamana ya mtu ambaye kichwa chake si kizima. Ruhusa haikuwepo. Aende nyumbani moja kwa moja.

Unga ukamwagika hivyo, kwa dakika chache, na mtu aliyekwenda kuomba apumzike apone akatoka akiwa hana kazi. Kabla ya chakula cha mchana neno "kichaa" lilikuwa limeshafika meza ya kukatia kitambaa. Nilipiga pasi mashati yale kwa hasira mpaka moja likaungua mgongoni.

Jioni nilimfuata meneja. Sikwenda kumbembeleza, nilitaka aniambie machoni. Akahema, akasema yeye si mtu mbaya.

"Angesema amefiwa, leo angekuwa nyumbani kwake na kazi yake inamsubiri," aliniambia. "Mwambie arudi Jumatatu. Aseme kuna msiba, hicho cheti sikukiona. Mwezi mzima nitampa. Lakini msiba wenyewe uwe wa maana, si shangazi."

Nilirudi mbio kama niliyeokota dhahabu. Tukakaa chumbani kwa mama, sisi watatu na wifi, yeye akiwa pembeni ya kitanda na mikono mapajani. Nikaeleza. Tatizo lilikuwa marehemu. Wazazi wa wifi walikufa zamani na kiwandani wanajua. Mtoto hawajapata. Kaka yangu akasema labda yeye, kisha akakumbuka kwamba huwa anakuja kutuchukua mvua ikinyesha, na kila mtu pale langoni anamjua.

"Niueni mimi," mama akasema.

Kaka akamwambia asiseme maneno hayo. Mama akasema ameshakula chumvi nyingi, kufa kwa mdomo hakutampunguzia hata siku. Waseme alikwenda kwa kaka yake, mbali huko, akafia huko na kuzikwa huko. Yeye atakaa ndani mwezi mzima asitoke, hata dukani. Alizungumza kama anayepanga nani ateke maji. Kisha akamgeukia wifi, akamwambia, "Mwanangu, mimi ni mama mkwe. Wengine hawaombwi, wanaombewa wafe. Mimi nakupa kifo changu mwenyewe."

Kaka yangu alicheka, nami nikacheka. Wifi alilia. Miezi ile yote hakuwa amelia, alikuwa amekauka tu, na sasa alilia mpaka mama akamvuta na kumlaza kichwa mapajani pake. Akakubali. Atasema amefiwa na mama mkwe.

Jumatatu nilimvalisha mwenyewe, nguo nyeusi, kitambaa kichwani. Njiani tulirudia maneno. Nilimsindikiza mpaka mlangoni kwa meneja, nikaenda kushika pasi yangu nikiwa nimegeuza sikio lote upande ule. Nilitaka apone, na nilitaka kazi yake ibaki, na niliona vyote viwili viko umbali wa sentensi moja.

Meneja alimwona na ile nguo nyeusi, akasimama. Akazunguka meza, akanyoosha mkono kama afanyavyo siku zote, uso umeinama, sauti imeshuka.

"Pole sana," alisema. "Ni nani?"

Wifi aliutazama ule mkono. Hakuushika. Moyoni nikawa namsukuma: sema, wifi, sema.

"Hakuna aliyekufa," akasema. "Mama mkwe wangu yuko nyumbani, mzima, na ananipenda. Siwezi kumzika ili unipe pole. Mimi naumwa. Nakuomba unipe pole kwa hilo."

Meneja akaurudisha mkono wake. Sikuona kama alikasirika. Nadhani aliona aibu, na mtu mwenye aibu ni mgumu kuliko mwenye hasira. Alimwambia basi hana la kumsaidia, akachukue vitu vyake. Vitu vyenyewe vilikuwa kijiti cha kusukumia ncha na kikombe. Alipita katikati ya mashine akiwa amevishika, na mtu aliyenyanyua macho simkumbuki.

Nilizima pasi. Msimamizi akanizuia mlangoni, akaniuliza ninakwenda wapi saa za kazi. Nilimtazama yule mwanamume, na shangazi zake wote aliowazika, na hasira ikanipanda.

"Nimefiwa," nikamwambia.

"Na nani?"

"Na mama yangu. Sasa hivi. Hapo nyumbani."

Alivua kofia. Akanipa pole kwa sauti ya huzuni, akanifungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe, nami nikamkimbilia wifi barabarani.

Tulitembea mpaka nyumbani. Mama alikuwa amejifungia ndani kama alivyoahidi, pazia limeshushwa, anachambua maharage gizani. Tulipoingia hakuuliza habari za kazi. Aliuliza, "Nimekufa au sijafa?"

"Hujafa, mama," wifi akasema.

"Basi fungueni dirisha, kuna joto," mama akajibu. Akamtazama vizuri, akaelewa yote yaliyobaki. Akampokea kikombe na kijiti, akampa dawa yake, akamwambia aende akalale. Na wifi akaenda akalala. Nilipochungulia nilimkuta macho yamefumbwa kabisa, mdomo wazi kidogo, anapumua kama mtoto. Nikarudishia mlango, nikakaa na mama kizingitini. Nilikuwa na huzuni ya kazi yake, na woga wa kazi yangu, na chini yake kitu kingine ambacho nadhani kilikuwa fahari.

Jua lilikuwa limelegea niliposikia miguu ya watu wengi. Ndipo nikakumbuka: nilikuwa nimesahau kumwambia mama kwamba amekufa.

Walikuja wote. Mama wa vifungo alikuwa mbele na kitambaa kichwani, fundi wa mifuko nyuma yake, wale wa meza ya kukatia, na msimamizi mwisho, kofia mkononi. Mzazi aliyefia hapa hapa mjini si shangazi wa mbali; lazima waje. Mama wa vifungo alikwisha kuanza kulia langoni. Akamwona marehemu amekaa kizingitini na ungo wa maharage, kilio kikakatika katikati.

Mama aliwatazama, akanitazama mimi. Ikabidi niseme. Nilieleza kwa maneno machache, nimeinamisha kichwa. Msimamizi alianza kupandwa na ghadhabu, nikaona mdomo wake unafunguka.

Mama aliinua mkono. "Mimi mzima, mnaniona," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini nyumba hamkukosea. Humu ndani kuna mgonjwa, mnamjua, mmekaa naye meza moja. Amelala, na siku nyingi hakuwa amelala. Anayetaka kumpa pole akae chini, anyamaze. Asiyetaka, njia ni ile aliyojia."

Walisimama muda. Kisha mama wa vifungo akakaa chini, akavuta miguu yake, na fundi wa mifuko akakaa pembeni yake. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Msimamizi alibaki wima peke yake, akiizungusha ile kofia, mwisho naye akatafuta jiwe akakaa. Mama aliendelea kuchambua maharage.

Giza lilikuwa linaanza kuingia wifi alipoamka. Alitoka mpaka mlangoni, alama ya mto bado iko shavuni, akawaona watu wa kiwanda kizima wamekaa chini, kimya, wanawake wamejifunika vichwa. Akanishika bega kwa hofu.

"Wifi," akaniuliza, "nani amekufa?"

"Hakuna," nikamwambia. "Wamekuja kukuona wewe."