Bega la mtani wangu

Leo nimemuumiza mtani wangu, na kwa mila yetu siruhusiwi kumwomba radhi.

Issa alivunjika mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua hadi begani, akishusha reli kwenye bandari mpya. Daktari akamfunga mfupa kwa kibati cha chuma na skrubu. Kidonda bado kibichi, nami nilijua.

Tukakutana msibani Likombe. Kazi ya mtani msibani ni kuchekesha, basi nikasema, "Huyu bega lake la bati, mvua ikinyesha mtasikia."

Watu wakacheka. Kwa kupenda sifa tu, nikamgonga begani kama anayebisha hodi.

Issa naye akacheka. Kisha nikaona damu kwenye kanzu yake.

"Issa, ndugu yangu..."

"Nyamaza. Ukiniomba radhi, utani wetu umekufa."

Zamu yake ya kuchimba kaburi la marehemu nimeishika mimi.

Hadi sasa watu wananisifu nilivyochekesha. Jamani, ninyi mngefanyaje?