Mgongo wa Mzee Byabato

Mara ya nne mkutano wa kijiji ulipovunjika, Mzee Byabato hakwenda nyumbani. Alibaki kwenye benchi la mbele, fimbo katikati ya magoti, akimtazama mtendaji wa kijiji, Lameck, akikusanya makaratasi yake.

"Tumefika wangapi leo?"

"Thelathini na mmoja, mzee. Nahitaji mia mbili."

"Wengine wako wapi?"

"Wako mashambani. Wako kilabuni. Wako tu." Lameck naye alikuwa amechoka. "Akidi haikutimia, basi hakuna muhtasari. Hakuna muhtasari, wilaya hawaleti fundi wa makalavati."

Makalavati yenyewe yalionekana kutoka pale walipokaa. Mabomba manne makubwa ya zege, yamelala nyuma ya ofisi tangu msimu wa kahawa uliopita. Mvua ikinyesha, mbuzi huingia humo kulala. Yaliletwa yawekwe kwenye kijito cha Kaburara, njia ya kwenda zahanati, ila kijiji kilitakiwa kwanza kikutane na kukubali kuchimba. Mwezi ukiisha bila jibu, lori litakuja kuyabeba, yapelekwe kijiji kingine.

Byabato alikijua kijito kile. Mwezi wa nne wanaume sita walimbeba mke wake Komujuni kwenye engozi, machela ya kusukwa ambayo kitongoji hubebea wagonjwa na maiti. Walipofika majini, wa mbele akateleza. Komujuni akazama mpaka kifuani. Miaka tisa alikuwa mjumbe wa serikali ya kijiji, na miaka tisa wimbo wake ulikuwa kalavati. Walipomwinua, nguo zinachuruzika, alicheka kidogo.

"Sasa mmeona?" akasema.

Siku ya tatu akafa.

"Watu gani hawa!" Byabato alipiga fimbo chini. "Mtu anaitwa kwa faida yake mwenyewe, anakaa nyumbani. Wangekuja mara moja tu. Moja!"

Lameck alimtazama. Akafungua daftari, akarudi kurasa za nyuma.

"Usinikasirikie, mzee. Nikusomee?"

"Soma."

"Mwaka jana, mwezi wa tatu. Komujuni, yupo. Byabato, udhuru, mgongo. Mwezi wa sita. Komujuni, yupo. Byabato, mgongo. Mwezi wa tisa..." Akafunua ukurasa. "Mgongo. Mgongo. Hapa umeandikwa mvua. Halafu mgongo tena."

Byabato hakuwahi kukaa darasani. Hakujua kwamba yale aliyokuwa akimwambia mkewe mlangoni, kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, mkononi, nenda wewe mama, mimi mgongo, yalikuwa yanaandikwa.

"Alikuwa ananiombea ruhusa?"

"Kila mara. Alikuwa anasimama kabisa."

Mzee akainuka, akaondoka bila kuaga.

Njiani alihesabu nyumba. Kwa Mutabazi. Kwa Stephania. Kwa yule fundi wa baiskeli. Wote walikuja kumzika Komujuni. Siku tatu hakuna aliyeshika jembe. Asiyefika msibani chama cha engozi humwandika, humtoza debe la rubisi, na siku akifiwa yeye atachimba kaburi na wanawe. Mutabazi, ambaye walikuwa hawasalimiani kwa ajili ya mpaka wa migomba, alikuja wa kwanza na sepetu yake.

Kesho yake akamwita Edith, mdogo wa marehemu.

"Matanga tunaanua Jumamosi ya wiki ijayo."

"Tulisema Desemba, shemeji."

"Jumamosi. Na mtendaji atakuja na daftari."

Edith aliacha kumenya ndizi. "Daftari la nini?"

Akamweleza. Edith akasikiliza, kisu mkononi.

"Shemeji. Dada yangu amekufa, na bado mnataka ahudhurie mkutano?"

"Yeye alihudhuria. Sasa tuhudhurie sisi."

Edith aliweka kisu chini. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. "Angependa," alisema. "Mjinga wewe, angependa sana."

Lameck ndiye aliyeogopa. "Mkutano lazima utangazwe siku saba kabla, mzee. Nibandike ubaoni."

"Bandika. Umewahi kuona mtu anasoma ubao ule? Wewe tangaza mkutano. Mimi natangaza matanga."

Jumamosi walikuja. Walikuja mpaka wakajaa uani, wakamwagika kwenye migomba. Mwinjilisti akaomba. Byabato akapita na kikapu kidogo cha mkewe, akimpa kila mtu kahawa ya kutafuna, kama alivyokuwa akifanya marehemu. Kabla ya chakula akasimama katikati, na Lameck akatokea nyuma ya nyumba na daftari kwapani.

"Ah, ah!" Mutabazi akainuka. "Tumekuja msibani au mkutanoni?"

"Kote kuwili. Kaa."

"Jamani waitu, huu ni mtego!"

"Ni mtego. Umeshaingia. Chakula kiko jikoni, na ufunguo anao Edith."

Watu wakacheka, wengine wakanung'unika. Mwanamke mmoja akasema si adabu, kaburi liko pale pale. Hakuna aliyesogea. Kisha bibi Stephania akajikongoja mpaka kwenye meza.

"Siku ile nilikuwa nyuma ya engozi," alisema. "Nilimwona anavyoingia majini. Niandike."

Nyuma yake wakapanga mstari. Lameck aliandika mpaka akabadilisha kalamu. Mia mbili na kumi na wanne. Mikono ikanyooshwa. Kuchimba kuanze Jumatatu, kila nyumba mtu mmoja.

"Mzee," Lameck akaita. "Wewe bado."

Byabato akaweka kikapu chini. Lameck akamshika kidole gumba, akakipaka wino, lakini mzee akauchomoa mkono wake na kukandamiza mwenyewe, kwa nguvu, mpaka karatasi ikakunjamana.

"Andika yupo," alisema.

"Nimeandika, mzee."

"Nisomee."

"Byabato, yupo."

Akaitikia kwa kichwa. Edith akafungua jiko. Watu wakiwa wanasukumana na sahani, Mutabazi akamsogelea, sauti chini, mkono kiunoni.

"Mzee mwenzangu, hiyo Jumatatu... unajua tena huu mgongo wangu..."

Byabato akamshika bega.

"Uje nao," alisema. "Na mimi nakuja na wangu. Tutailaza ukingoni yote miwili, ipumzike. Sisi tuchimbe."