Bilha Nasipwondi na Picha ya Gharika

Alizaliwa mwaka 1911 karibu na Kimilili, katika nyumba ya wakulima, akabatizwa Bilha. Aliolewa na Wanyonyi, fundi wa reli, wakahamia Kisumu. Mumewe alifariki mwaka 1954 bila kumwachia mtoto, naye akajitoa kulitumikia kanisa. Mmisionari mmoja mzee, alipokuwa akirudi kwao, alimwachia kitabu kikubwa cha picha za Biblia kilichochapwa Ulaya karne ya kumi na tisa. Picha zake zilikuwa za wino mweusi mtupu: malaika wenye mbawa pana, miamba, mawingu yaliyopasuliwa na mwanga. Bilha hakujua kusoma, lakini kila picha aliijua. Kila Jumatano alishuka hadi Dunga, ufukweni mwa ziwa, akaketi na akina mama waliokuwa wakianika omena, dagaa wa ziwani, akawasimulia habari za Mungu ukurasa baada ya ukurasa.

Mwaka 1962 mvua zilizidi, ziwa likapanda na kuingia majumbani. Ouma, mtoto wa miaka mitatu wa muuza samaki aitwaye Dorca, mmoja wa akina mama hao, alichukuliwa na maji. Haukupita mwezi, Bilha akafungua picha ya Gharika. Ndani yake mwanamke aliyezama hadi shingoni alikuwa amemwinua mtoto wake kwa mikono miwili. Bilha akafundisha kama alivyofundishwa, kwamba maji yale yalikuwa hasira ya Mungu juu ya waovu.

Dorca akasimama. “Mama, huyu mtoto alikosa nini? Na Ouma wangu, alikosa nini?”

Bilha alifunga kitabu. Alirudi nyumbani, na siku ya tatu akamwendea padri wake. Padri alimshauri aache jambo lipoe. Akamjibu, “Padri, nilimuumiza mbele ya watu. Siwezi kumwomba msamaha mafichoni.” Jumatano iliyofuata alipiga magoti mchangani, wanawake wote wakitazama. “Dorca, nilisema kama mtu anayejua yote ya Mungu. Sijui kwa nini Ouma alikufa. Nisamehe.”

Dorca alimpa mgongo. Kwa miezi minane Bilha aliendelea kuja, bila kitabu, akimtekea maji na kumgeuzia omena juani, wala hakusemeshwa hata neno. Wengine walimcheka. Ndipo siku moja Dorca akasema, bila kuinua macho, “Lete kitabu, Mama. Lakini uanze na yule mjane wa Naini, ambaye Yesu alimfufulia mwanawe.” Bilha alilia waziwazi.

Kipindupindu kilipofika ufukweni mwaka 1971, wanawake hao wawili waliingia pamoja katika nyumba ambazo hata jamaa walizikimbia. Bilha aliugua, akafa mikononi mwa Dorca tarehe tisa Mei. Waumini husimulia kwamba kati ya wagonjwa kumi na tisa aliowanywesha maji, hakuna aliyezikwa. Kanisa halijatamka lolote juu ya hilo; tunaliandika kama tulivyolipokea. Dorca ndiye aliyeshika mafundisho ya Jumatano baada yake.

Ndugu mpendwa, wewe unayefundisha, ukigundua kwamba neno la Mungu limegeuka jiwe mkononi mwako na limempata mtu, usingoje asahau. Mwendee palepale ulipomuumiza, na akikupa mgongo, kesho yake rudi tena.