Mwatumu na Programu Tatu

Mwatumu huunganisha video za harusi katika studio ya Pinal, mjini Korogwe, na kwa miaka kumi na tisa hakuna shangazi aliyewahi kulalamika kuwa ameachwa nje. Wiki ile Pinal alimpa kazi mpya: kupima programu tatu za akili mnemba, zile zinazotengeneza video kutokana na picha moja tu.

"Bi Mwatumu, zote ni za majaribio mpaka Ijumaa," alisema Pinal. "Tutalipia moja, mbili tunazifuta. Ila ikiongeza kitu kisichokuwepo, hiyo hatuitaki."

Alikuwa na sababu. Mkulima mmoja wa Mkata alirudisha tangazo lake kwa hasira baada ya programu moja kumwekea humo trekta asilokuwa nalo. Majirani walishaanza kuja kuliazima.

Picha ya kupimia Mwatumu aliitoa kwenye simu yake: ua wa nyumba yake kule Kerenge, mlango, kinu na mkeka. Mumewe alishafariki, wanawe wawili wako Dar, na simu zao siku hizi ni za sikukuu. Ua ule unamchosha kwa ukimya wake.

Programu ya kwanza ilipeperusha majani vizuri, lakini kinu kikayeyuka kama samli. Ya pili haikuharibu kitu: upepo kidogo, mkeka uleule. Ya tatu ikajaza watu. Mwanamke alikuwa akitwanga, watoto wawili wamekaa mkekani, na mwanaume akaja akasimama kando ya mlango bila kuchungulia ndani, kama mtu anayepiga hodi.

"Karibu, karibu ndani," Mwatumu akaitikia kwa sauti, peke yake studio.

Akaona haya, akacheka, kisha kicheko kikamwishia. Akairudia video ile mara nne. Mwanaume alikuwa na vidole sita. Hakujali. Kwa sekunde nane nyumba yake ilikuwa na wenyewe.

Pinal asingejua. Mwatumu angeisifia tu kwenye ripoti, nayo ingebaki, na kila baada ya kazi angeipa picha nyingine: jikoni, sebuleni, meza ya chakula. Alitamani hivyo.

Ijumaa akaandika ripoti kwa mkono, kama kawaida yake. Akachagua ya pili. Kwenye ya tatu kalamu ilisita kitambo, kisha akaandika: "Haifai. Inaongeza watu. Hapo ni kwangu, hakuna watu."