Simu ya Mama Mkwe

Mke wangu alipofariki hatukuwa na mtoto, na kwetu ndoa isiyo na mtoto ikikatwa na kifo, wakwe huagana kwa heshima na kila mtu akashika njia yake. Mama mkwe wangu hakuniaga. Kila jioni alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Kabras: mvua imenyesha, ng'ombe amezaa, miwa ya jirani imeungua. Nami nilimjibu kutoka chumba changu cha kupanga karibu na Mukumu, ninakofundisha. Tangu mazishi, hakuna mwingine aliyenitafuta isipokuwa ana shida yake.

Ujumbe wa sauti ulitufaa sana. Kwa mila zetu, mimi na yeye hatupeani mkono, hatuketi chumba kimoja, wala simtazami usoni. Kwenye simu kila mtu husema yake akamaliza, hakuna wa kumkatiza mwenzake wala wa kuona haya. Heshima si utumwa, husema watu ambao hawajawahi kuwa na mama mkwe wa Kabras.

Simu yake ilikuwa kuukuu, mke wangu alimwachia siku aliponunua nyingine. Mwaka huu ikaanza kuonyesha onyo kwamba mfumo wake umepitwa na wakati, na baada ya muda mfupi programu yetu ya ujumbe ingekoma kufanya kazi humo. Nikampelekea simu mpya, nikaiweka juu ya kigoda mlangoni kama inavyotakiwa. Niliporudi mlangoni kuchukua baiskeli yangu, nikakuta simu ingali palepale, ndani ya kasha lake. Sauti ya mama mkwe ikatoka jikoni:

"Hii nimezoea. Hiyo ingine hata sijui mdomo yake iko wapi."

Nilikasirika, sitaficha. Lakini hasira haikunizuia kuona kilichokuwa kinakuja: jioni bila sauti yoyote, mimi na redio na madaftari ya kusahihisha. Nikaanza kusoma. Kumbe kuna watu duniani, wengi wao hawajuani, wanaokaa kuandika mifumo mipya kwa ajili ya simu ambazo waliozitengeneza wameshazitupa. Aina ya simu ya mama mkwe ilikuwemo. Maelezo yalikuwa marefu, yamejaa vitisho: ukikosea hatua moja, simu inabaki kuwa tofali, haiwaki tena.

Jumamosi nikaenda kuichukua. Nilisimama nje ya ukuta wa jikoni, nikamuuliza kama kuna chochote ndani ya simu anachotaka nimhifadhie, maana kazi hii hufuta vyote. Nikamsikia akifunika sufuria.

"Hakuna. Wewe tengeneza tu."

Nikaikuta juu ya kigoda, imefungwa kwa leso safi.

Nyumbani niliiunganisha kwa waya na kompyuta yangu. Kwanza nilipiga picha uso wa simu ile, nijue kila alama ya programu iko wapi, nije kuzirudisha pale kidole chake kilipozizoea. Nilijiona mwerevu. Kisha onyo likatokea: ukiendelea, kila kilichomo kitafutika. Ningeweza kutoa vilivyomo kwanza nikaviweka pembeni. Ila ingebidi nifungue picha zake, nisikilize sauti zake, na mkwe hafungui sanduku la mama mkwe hata nyumba ikiwaka moto. Nilikuwa nimeuliza, naye alikuwa amejibu. Nikakubali.

Simu ilizimika. Ikawaka, duara likaanza kuzunguka katikati ya kioo, likazunguka hadi chai yangu ikapoa. Hatimaye ukatokea uso mpya, safi, mwepesi. Nikapanga alama zote mahali pake, nikarudisha programu ya ujumbe, nikaandika namba yangu juu kabisa. Nilicheka peke yangu chumbani. Jumapili baada ya ibada niliirudisha kigodani.

Nilikuwa nimeshafika kwangu, jua halijazama, ujumbe wake ulipoingia.

"Mkwe, asante. Inakimbia vizuri. Lakini huyu msichana hayuko."

Nikamuuliza msichana yupi.

"Wako. Alikuwa ananiulizanga jioni kama nimekula. Nabonyeza, anauliza, namjibu. Sasa nimebonyeza kote."

Mke wangu alikuwa akimtumia mama yake ujumbe huo wa sauti kila siku, na mama alikuwa amezihifadhi sauti zile zote. Kumbe ndiyo sababu aliikataa simu mpya. Hangeweza kuniambia, mimi mkwe, kwamba kila jioni anazungumza na marehemu. Nami sikuweza kuchungulia. Simu ya mke wangu mwenyewe ilipotea katika pilikapilika za mazishi. Nilihangaika na kompyuta, nikasoma kila ushauri wa wale watu wasiojuana, na wote walisema neno moja: sauti zilizofutwa haziwezi kurudi.

Nilimweleza. Ilinichukua majaribio kadhaa, nikirekodi na kufuta. Ujumbe wake ulikuja jioni iliyofuata, ukaanza na sauti za kuku wakigombea mahali pa kulala.

"Si wewe. Ni mimi nilisema hakuna." Akawafukuza kuku. "Basi uniulize wewe."

Mkwe hali chakula mbele ya mama mkwe, wala hazungumzii tumbo lake. Ni aibu, na wazee wangenitoza faini ya kondoo. Nilichukua simu, nikabonyeza.

"Mama, umekula?"

Jibu lake lilikuwa fupi.

"Bado. Na wewe?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo tangu tumzike mke wangu. Nililia kwanza, ndipo nikamjibu.